SOMO LA ROBO HII: HAKIMU ALIYEWAULIZIA WATU WAKE



Katika somo la robo hii tunamwangalia mtumishi mmoja wa serikali ya Ujerumani, Lothar Kreyssig. Hakuwa jenerali wala askofu, wala hakuwa na silaha. Alikuwa hakimu wa mahakama ya mji, na kazi yake kubwa ilikuwa kutunza majalada ya watu wasioweza kujisimamia wenyewe. Kwa njia ya majalada hayo aligundua mauaji yaliyokuwa yakifanywa kwa siri na serikali yake, akayapinga kwa maandishi.

Tumemchagua kwa sababu kamati zetu nazo zinafanya kazi ya majalada na orodha. Tunaandika majina ya yatima, wajane, wazee na watoto wenye ulemavu. Tunajaza fomu na kutia sahihi kwa niaba ya watu ambao hawatauona ule ukurasa. Ni vizuri tujue kazi hiyo ina uzito gani.

Masomo ya kusoma kabla ya kujadili: Mithali 31:8-9, Mathayo 25:31-46, Matendo ya Mitume 5:27-29.

1. Mtu huyu alikuwa nani?

Lothar Kreyssig alizaliwa tarehe 30 Oktoba 1898 katika mji wa Flöha, jimbo la Saxony. Alikuwa askari katika Vita Kuu ya Kwanza, kisha akasoma sheria Leipzig. Wengi wetu tunaufahamu mji huo kwa sababu ndiko walikotoka wamisionari wa Leipzig waliofika Kilimanjaro mwaka 1893. Mwaka 1928 akawa hakimu huko Chemnitz.

Adolf Hitler alipochukua madaraka tarehe 30 Januari 1933, watumishi wa serikali walitakiwa kujiunga na chama chake. Kreyssig hakujiunga. Wakati huo serikali ilikuwa ikijaribu kulitawala kanisa na kuingiza humo mafundisho ya ubaguzi wa rangi. Wachungaji na waumini waliokataa waliunda Kanisa la Ungamo, ambalo mwaka 1934 lilitoa tamko lake katika mji wa Barmen. Kreyssig aliingia upande huo, na mwaka 1935 alichaguliwa kuwa rais wa sinodi ya Kanisa la Ungamo katika jimbo la Saxony.

Mwaka 1937 alihamia Brandenburg an der Havel, mji ulio magharibi ya Berlin. Akanunua shamba katika kijiji cha Hohenferchesar, akawa mkulima na hakimu kwa pamoja. Mahakamani alipewa kazi ya usimamizi. Watu wengi wagonjwa wa akili na wenye ulemavu waliokuwa wakiishi katika taasisi za eneo lake walikuwa chini ya ulinzi wa mahakama, naye alikuwa hakimu wao. Kwa sheria ya nchi, alipaswa kujua wako wapi na wana hali gani.

2. Mauaji yaliyofanywa kwa fomu

Ili kuelewa alichokifanya hakimu huyu, tuangalie kwanza mambo yalivyokuwa.

Tarehe 14 Julai 1933 serikali ya Hitler ilitoa sheria ya kuwafunga uzazi kwa nguvu watu waliodhaniwa kuwa na magonjwa ya kurithi. Watu wapatao 400,000 walifanyiwa hivyo. Wakati huohuo wananchi walifundishwa kuwahesabu wagonjwa kama mzigo. Hata vitabu vya hesabu vya shule vilikuwa na maswali ya kumtaka mtoto apige hesabu ya gharama ya kumtunza mtu mwenye ulemavu, kisha alinganishe na gharama za familia yenye afya. Ndugu zangu, tuliangalie jambo hili kwa makini. Kabla ya kuwaua watu hao, kwanza waligeuzwa kuwa gharama.

Mwezi Oktoba 1939 Hitler alitia sahihi barua fupi kwenye karatasi yake binafsi. Ilipewa tarehe ya nyuma, 1 Septemba 1939, siku vita ilipoanza. Kwa barua hiyo Philipp Bouhler, mkuu wa ofisi yake, na daktari Karl Brandt walipewa ruhusa ya kuwateua madaktari watakaowaua wagonjwa waliohesabiwa kuwa hawaponi. Haikutungwa sheria wala kutolewa tangazo. Ofisi ya mpango huo baadaye ilikuwa Berlin, mtaa wa Tiergartenstraße namba 4, na ndiyo sababu mpango huo unajulikana kwa jina la T4.

Kazi ilianzia kwenye fomu. Taasisi zote zilitumiwa fomu za kujaza kwa kila mgonjwa: ugonjwa wake, miaka aliyokaa, anaweza kufanya kazi gani. Fomu zilirudi Berlin, zikasomwa na madaktari ambao hawakumwona mgonjwa hata mara moja. Alama ya kujumlisha kwa kalamu nyekundu ilimaanisha auawe. Alama ya kutoa kwa kalamu ya bluu ilimaanisha aishi. Kisha mabasi yalikuja kuwachukua.

Vilikuwapo vituo sita vya kuulia kwa gesi ya sumu. Kimoja kilikuwa katika gereza la zamani katikati ya mji wa Brandenburg, mji uleule wa mahakama ya Kreyssig. Humo peke yake waliuawa watu zaidi ya 9,000 kati ya Februari na Oktoba 1940. Familia zilipokea barua zilizofanana kwamba ndugu yao amefariki ghafla kwa ugonjwa fulani na mwili umekwisha kuchomwa kwa kuhofia maambukizo. Sababu za vifo zilitungwa ofisini. Hadi Agosti 1941 watu wapatao 70,000 walikuwa wameuawa katika vituo hivyo sita.

Kanisa pia liko ndani ya habari hii, nasi tusilifiche. Kituo cha Grafeneck, ambako watu zaidi ya 10,000 waliuawa mwaka 1940, kilikuwa nyumba ya kanisa ya kuwatunza walemavu kabla serikali haijakitwaa mwaka 1939. Taasisi nyingi za kanisa zilijaza zile fomu. Baadhi zilijaza bila kujua, nyingine zilijua na kuogopa, na nyingine zilichelewesha kwa makusudi ili kuokoa watu.

3. Kreyssig alifanya nini?

Mwaka 1940 hakimu Kreyssig aliona taarifa za vifo zikizidi katika majalada yake. Watu waliokuwa chini ya ulinzi wake walikuwa wakihamishwa bila yeye kuulizwa, na baada ya muda mfupi inaletwa habari ya kifo. Mtu mwingine angeandika "amefariki", akafunga jalada na kulirudisha kabatini. Karani asingemlaumu, kwa maana karatasi zote zilikuwa na mihuri yake.

Yeye alichukua hatua nne.

Kwanza, aliandika. Tarehe 8 Julai 1940 alimwandikia Waziri wa Sheria, Franz Gürtner. Alieleza mambo aliyoyaona, akasema anaamini wagonjwa wanauawa, na kwamba jambo hilo ni kinyume cha sheria na kinyume cha amri ya Mungu. Aliongeza kwamba yapo maeneo mengine, kama kambi za mateso, ambako sheria ilikuwa imekwisha kuondolewa kabisa, na sasa hospitali za wagonjwa wa akili nazo zinafanywa hivyo.

Pili, alishitaki. Aliitwa wizarani Berlin, na huko alifahamishwa kwamba anayesimamia mpango huo ni Bouhler. Basi akaenda kwa mwendesha mashitaka huko Potsdam, akafungua mashitaka ya mauaji dhidi ya Bouhler. Tukumbuke kwamba huyo alikuwa mmoja wa watu wa karibu kabisa na Hitler, na aliyemshitaki ni hakimu wa mji mdogo.

Tatu, alitumia mamlaka madogo aliyokuwa nayo. Mwezi Agosti 1940 alizipelekea taasisi walimokaa watu wake agizo la mahakama, kwamba asihamishwe hata mmoja bila kibali chake.

Nne, alikataa kurudi nyuma. Tarehe 13 Novemba 1940 Waziri Gürtner alimwita na kumwonyesha nakala ya barua ya Hitler, akidhani hilo litamaliza maneno. Kreyssig alijibu kwamba neno la kiongozi haliwezi kuugeuza uovu kuwa haki. Waziri akamwambia kwamba kama hawezi kuyakubali mapenzi ya kiongozi kuwa chanzo cha sheria, basi hawezi kuendelea kuwa hakimu. Baadaye mwezi huohuo Kreyssig aliandika kwamba dhamiri yake haimruhusu kuyafuta maagizo aliyoyatoa. Mwezi Desemba alilazimishwa kwenda likizo, na mwezi Machi 1942 alistaafishwa.

Alirudi shambani kwake, na huko yeye na mkewe Johanna walimficha mwanamke wa Kiyahudi mpaka vita ilipokwisha. Miaka mingi baada ya kifo chao, taasisi ya kumbukumbu ya Yad Vashem ya Jerusalem iliwatambua wote wawili kuwa miongoni mwa watu wenye haki waliowaokoa Wayahudi.

4. Je, alifaulu?

Wafadhili wetu wamezoea kuuliza matokeo, na ni haki yao. Tuseme basi ukweli kwamba Kreyssig hakuyasimamisha mauaji. Mashitaka aliyoyafungua hayakufika popote. Kituo cha Brandenburg kilipofungwa mwaka 1940, watumishi wake walihamishiwa Bernburg, wakaendelea na kazi ileile.

Lakini hakuwa peke yake. Mchungaji Paul Gerhard Braune, mkuu wa taasisi za kanisa huko Lobetal karibu na Berlin, aliandika ripoti ndefu ya tarehe 9 Julai 1940, siku moja tu baada ya barua ya Kreyssig, akaeleza jinsi mauaji yanavyofanyika. Alitiwa gerezani kuanzia Agosti hadi mwisho wa Oktoba. Askofu Theophil Wurm wa Kanisa la Kilutheri la Württemberg alimwandikia Waziri wa Mambo ya Ndani tarehe 19 Julai 1940. Tarehe 3 Agosti 1941 Askofu Mkatoliki Clemens August von Galen alihubiri waziwazi huko Münster kwamba haya ni mauaji. Siku ya 24 Agosti 1941 Hitler aliagiza mpango wa gesi kwa wagonjwa wazima usimamishwe. Mauaji yaliendelea kwa njia za kimya, kwa njaa na kwa dawa, na kwa jumla watu zaidi ya 200,000 walipoteza maisha. Hata hivyo siri ilikuwa imevunjika, na hao waliosema ndio waliozuia watu kudai baadaye kwamba haikuwezekana kujua.

Kreyssig ndiye hakimu pekee wa Ujerumani anayejulikana kuwa alipinga mpango huo rasmi. Mahakimu wengine wenye majalada kama yake walikuwa wengi. Wao walidhani ukisema unakufa, na kweli wapo waliokufa. Carl Goerdeler, aliyekuwa meya wa Leipzig na akajiuzulu mwaka 1937 baada ya sanamu ya mtunzi wa muziki Mendelssohn, mwenye asili ya Kiyahudi, kubomolewa, aliingia katika mpango wa kumwondoa Hitler, akanyongwa tarehe 2 Februari 1945. Kreyssig yeye alipoteza kazi tu. Hakujua mapema lipi kati ya hayo litampata. Alijua tu kwamba watu wake hawaonekani.

5. Habari hii inatugusa wapi?

Kuna uhusiano wa moja kwa moja. Taasisi ya Bethel, karibu na mji wa Bielefeld, ilikuwa mojawapo ya taasisi kubwa za kanisa zilizotishiwa na mpango wa T4. Mkuu wake, Mchungaji Friedrich von Bodelschwingh, alishirikiana na Braune katika kuupinga. Misheni iliyochukua jina la Bethel ndiyo iliyofanya kazi Usambara, na kuanzia mwaka 1910 ikafika Bukoba. Katika milima ya Usambara iko Lutindi, iliyoanza mwaka 1896 kuwa makao ya watoto waliookolewa utumwani, na mwanzoni mwa karne ya 20 ikawa mahali pa kuwatunzia wagonjwa wa akili. Kwa hiyo swali la thamani ya mtu asiyeweza kulima wala kulipa limekuwa ndani ya kanisa letu tangu mwanzo.

6. Mafunzo kwa kamati zetu

a) Jina kwanza, idadi baadaye. Ripoti zetu zinahitaji idadi, lakini idadi haiwezi kumtafuta mtu aliyepotea. Kreyssig aligundua uovu kwa sababu kwake kila jalada lilikuwa mtu. Kama usharika una watoto 40 katika mpango wa kusomeshwa na robo hii wamebaki 37, kamati iweze kuwataja wale watatu kwa majina na kueleza waliko.

b) Muhuri hauthibitishi kwamba jambo ni la kweli. Zile barua za vifo zilikuwa na namba, tarehe na sahihi. Anayesoma karatasi kwa niaba ya wengine ana wajibu wa kuuliza maswali, hata kama karatasi imetoka ofisi kubwa, hata kama imetoka ofisi ya dayosisi.

c) Andika, na uandike kwa anayehusika. Manung'uniko ya barazani hayamsaidii mnyonge. Barua ya Kreyssig ilikuwa na tarehe na ilikwenda kwa mwenye dhamana, ndiyo maana tunaweza kuisoma habari yake hadi leo.

d) Tumia mamlaka uliyo nayo. Agizo lake kwa taasisi lilikuwa ndani ya kazi yake ya kila siku. Mweka hazina anaweza kukataa kutia sahihi. Katibu anaweza kudai jambo liandikwe kwenye muhtasari. Mjumbe anaweza kwenda kumtazama mtoto nyumbani kwao badala ya kupokea habari njiani.

e) Kutii kuna mpaka. Tunafundishwa kuheshimu wenye mamlaka, na Kreyssig aliwaheshimu, kwa maana alifuata ngazi zote. Lakini alipoambiwa kwamba mapenzi ya mtu mmoja ndiyo haki, alisimama pale waliposimama mitume mbele ya baraza.

f) Tujihadhari na lugha ya gharama. Sisi wa miradi tunasema "gharama kwa kila mnufaika", na katika bajeti ni neno la lazima. Lisivuke mpaka likawa kipimo cha nani anastahili. Mtoto asiyeweza kutembea atagharimu zaidi ya mwenzake na pengine hatatuletea picha nzuri ya ripoti. Hilo tuwaambie wafadhili wetu bila kuficha, nao tunaamini watatuelewa.

7. Baada ya vita

Kreyssig hakurudi kwenye uhakimu. Alilitumikia kanisa huko Magdeburg, akawa mwenyekiti wa sinodi ya Kanisa la Kiinjili la jimbo la Saxony tangu mwaka 1947 hadi 1964. Mwaka 1957 alianzisha umoja wa Wakristo wa kuwasaidia wenye njaa duniani, miaka miwili kabla ya kuzaliwa kwa Brot für die Welt, shirika ambalo sharika nyingi za Afrika Mashariki zinalifahamu.

Tarehe 30 Aprili 1958, mbele ya sinodi ya Kanisa la Kiinjili la Ujerumani huko Berlin, alitoa wito wa kuanzishwa kwa Aktion Sühnezeichen, yaani tendo la ishara ya upatanisho. Aliwaita Wajerumani waende kwenye nchi walizoziumiza, waombe ruhusa ya kutenda jambo jema kwa mikono yao, na waombe msamaha. Vijana walikwenda Norway, Uholanzi, Uingereza, na tangu mwaka 1961 Israeli. Na yeye, aliyekuwa amepinga, alijihesabu miongoni mwa wanaohitaji kusamehewa. Alisema kwamba hata waliochukia uovu hawakufanya vya kutosha kuuzuia.

Alifariki Julai 1986. Mwaka 2012 kituo cha kumbukumbu ya wale waliouawa kilifunguliwa huko Brandenburg, mahali palipokuwa lile gereza la zamani.

8. Maswali ya kujadili

1. Katika usharika wetu, ni akina nani ambao kamati hii ndiyo inayosema kwa niaba yao? Tuwataje kwa majina.
2. Je, kuna jina lililotoka katika orodha zetu mwaka huu bila kuelezwa? Nani atakwenda kuuliza, na lini ataleta jibu?
3. Wapo watoto au wazee wenye ulemavu katika mtaa wetu ambao hawamo katika orodha yoyote? Kwa nini hawamo?
4. Mjumbe wa kamati akikataa kutia sahihi kwa sababu ya dhamiri, sisi wengine tutamtendea namna gani?
5. Kwa wafadhili: je, maswali tunayoyauliza katika fomu zetu yanamsaidia mratibu amwone mtu, au yanamfanya aione gharama tu?

Tunashauri somo hili lichukue mikutano miwili. Mkutano wa kwanza someni sehemu ya 1 hadi ya 5. Mkutano wa pili uwe wa mafunzo na maswali, na katibu aje na daftari la majina. Majibu ya swali la pili yaandikwe kwenye muhtasari wa kikao, na nakala iletwe ofisi ya miradi kabla ya mwisho wa robo, ili nasi tufuatilie yale yaliyo juu ya uwezo wa usharika.

Tumalizie kila mkutano kwa kuwaombea kwa majina wale waliotajwa.

Mratibu wa Miradi, Dayosisi